Njia ya kwenda kwenye kimbilio hulimwa mapema

Torati iliweka miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani. Aliyeua mtu bila kukusudia alikimbilia huko kabla mlipiza kisasi hajamfikia. Kumbukumbu la Torati 19:3 linaongeza agizo ambalo wengi tunalipita haraka: njia ya kwenda huko itengenezwe. Hulimwa siku ambayo hakuna anayekimbia. Kutafakari Neno kila siku ni kazi ya namna hiyo. Anayefungua Zaburi kwa mara ya kwanza usiku wa msiba husoma mistari kumi asijue alichosoma.

Anza na Zaburi ya 46, inayomwita Mungu kimbilio. Ina mistari 11 tu, na neno "Sela" limewekwa mwishoni mwa mstari wa 3, wa 7 na wa 11. Wengi hulichukua kuwa alama ya kutua, kwa hiyo tayari una vipande vitatu. Kaa nayo wiki nzima. Siku ya kwanza isome yote mara mbili. Kila kipande kipe siku mbili zinazofuata ila cha mwisho, ambacho siku moja inakitosha, kisha siku ya saba uisome yote huku umefunika kitabu, ukichungulia pale unapokwama. Robo saa inatosha: dakika tano kusoma, tano kubaki na mstari mmoja, tano kuomba.

Soma kwa sauti, hata ya chini. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya "kutafakari" katika Zaburi 1:2 na Yoshua 1:8 ndilo linalotumika kwa simba anayenguruma katika Isaya 31:4, na kwa hua anayelia katika Isaya 38:14. Ni kazi ya kinywa. Macho peke yake huteleza, hasa kwenye simu, kwa hiyo ukisomea humo zima data kwanza.

Dakika tano za katikati ndizo zinazowashinda watu, kwa sababu hawajui wafanye nini. Chukua daftari. Mstari wa 2 unasema: "Kwa hiyo hatutaogopa ijapobadilika nchi." Andika "ijapo" yako: ijapokosekana kodi ya mwezi huu, ijapokuja majibu mabaya ya hospitali. Taja kitu chenyewe. "Matatizo yangu" ni maneno mapana mno, na hofu hujificha humo. Kisha fanya kama Zaburi 62:8 inavyoagiza: "Ifunueni mioyo yenu mbele zake."

Angalia pia usinyofoe mstari. Mstari wa 10, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu", umegeuzwa kuwa maneno ya kujituliza, lakini mstari unaoutangulia ni wa vita: upinde unavunjwa, mkuki unakatwa. Ni amri ya kuweka silaha chini. Swali lake la asubuhi ni gumu zaidi: leo ninapigana na nani?

Kosa lililozoeleka kuliko yote ni kuifanya Zaburi ya 91 hirizi, Biblia ikiwekwa wazi chini ya mto. Mistari ya 11 na 12 ya zaburi hiyo ndiyo Ibilisi aliyoinukuu katika Mathayo 4:6, na Yesu akamjibu kwa Kumbukumbu 6:16. Kimbilio si mkataba wa bima. Daudi aliomba akiwa pangoni, na pango halikugeuka jumba.

Ukiruka siku, usilipe deni kwa kusoma za siku tatu kwa mkupuo, endelea ulipoishia. Na asubuhi ambayo maneno ya kuamini hayatoki kabisa, iache ya 46 ukasome ya 88. Neno lake la mwisho ni giza, na bado imeandikwa kama sala.