Bi Fundi Ajibu: Ukuta wa Matumbawe Haukuzaliwa Uchi

Barua za mwezi huu ni kama mlikaa kikao mkaziandika pamoja. Karibu zote zina picha ileile: sebule ya kijivu, ukuta wa matofali uliokwanguliwa, rafu ya paipu nyeusi, balbu inaning'inia kwa waya wake, na mmea mmoja kwenye ndoo ya bati. Vijana mnauita mtindo wa karakana. Mimi nimezaliwa Kibokoni, hapa Mombasa, baba yangu alikuwa seremala, na karakana niliyoijua ilikuwa na vumbi, mikebe ya gundi na paka aliyelala kwenye maranda. Lakini mnachotaka nimekielewa, wala si kibaya. Mwataka mbao iwe mbao, chuma kiwe chuma, na rangi zitulie. Haya, tuanze na barua iliyonikosesha usingizi.

*Shikamoo Bi Fundi. Tumeachiwa nyumba na nyanya yetu marehemu, Mji wa Kale, kuta nene za mawe ya zamani. Plasta ya sebuleni imebambuka kuanzia chini hadi kiunoni, na kila tukiziba kwa simiti inarudi kubambuka. Kaka yangu anasema tuibandue yote, mawe yaonekane, kisha tuyapige vanishi yang'ae. Mama amekataa hata kusikia. Nani asikizwe? — Mjukuu, Mji wa Kale*

Marahaba, mwanangu. Asikizwe mama.

Hao waliouanza mtindo huu hawakuwa wakipamba. Wasanii wa New York, mtaa wa SoHo, miaka ya 1960, walihamia viwanda na maghala yaliyoachwa kwa sababu kodi ilikuwa rahisi na nafasi ilikuwa kubwa. Matofali waliyakuta wazi, paipu wakazikuta juu ya vichwa vyao, nao hawakuwa na pesa za kuficha chochote. Matofali yale yalichomwa tanuuni yakawa magumu, na ghala lilijengwa liwe hivyo tangu mwanzo.

Ukuta wa nyanya yako ni habari nyingine. Ni mawe ya matumbawe, yaliyopangwa ovyoovyo na kushikwa kwa chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate wa kumimina, linanyonya maji. Ndiyo maana wazee hawakuliacha uchi. Walilivika plasta ya chokaa na juu yake wakapaka chokaa, mwaka baada ya mwaka, na nguo ile ndiyo iliyokuwa ikipokea mvua na chumvi kwa niaba ya jiwe. Tena chokaa inapumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini hupita ndani yake yakatoka yakakauka, na kazi imekwisha.

Sasa nyinyi mmeziba kwa simiti. Maji yakipanda hayapati njia, chumvi inajikusanya nyuma ya simiti, inaganda, inasukuma. Ukigonga pale palipovimba utasikia sauti kama ya ngoma. Pakibambuka, geuza kile kigae utazame mgongo wake: utaona unga mweupe kama sukari ya kusaga. Ulambe ukitaka uhakika, mimi nimeulamba. Na ile vanishi ya kakako itafanya kosa hilohilo, ila hii itakuwa inang'aa.

Dawa yake ni hii. Ondoeni simiti yote, taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo, msilitie jiwe jeraha. Uacheni ukuta ukauke kaskazi nzima ikiwezekana, muwe mnausugua kwa brashi kavu kila chumvi ikichanua. Kisha tafuteni mwashi anayejua chokaa, si yule atakayewaambia "tia na simiti kidogo ishike". Ukuta ukishapigwa plasta ya chokaa, rangi mtatengeneza wenyewe. Nunueni chokaa ya mfuko, iloweni kwenye pipa la plastiki wiki mbili au zaidi, maji yasimame juu yake. Ichoteni, iongezeni maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Si kama mtindi! Wengi huharibia hapo, wakipaka nzito inapasuka na kuacha unga mkononi. Lowesheni ukuta kwanza, pakeni mkono mwembamba, ngojeni siku, pakeni tena, hadi mara nne. Ikiwa mbichi mtadhani mmepaka maji matupu, msihangaike, inaendelea kuwa nyeupe kadiri inavyokauka. Vaeni glavu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni si mchezo.

Na mkitaka ule utulivu wa kwenye picha, tieni unga wa rangi ya oksidi, ile inayotiwa sakafu nyekundu. Kijiko kimoja kimoja mkijaribu. Nyekundu kidogo na nyeusi kidogo sana itawapa rangi ya maji ya kunde, na hakuna kopo la dukani litakaloipata, kwa sababu chokaa haikai sawa ukuta mzima. Inakuwa na mawingu. Asubuhi nyepesi, alasiri nzito.

Kakako naye msimvunje moyo. Mwambieni atazame juu. Boriti za dari ndizo zilizokusudiwa kuonekana, na kwenye nyumba za wenye uwezo zilichongwa miraba, nyingine zikatiwa rangi. Ni hizo zilizokipimia chumba upana wake pia, mti wa mkoko haukubebeshwa dari zaidi ya kama mita tatu, ndiyo maana sebule ya nyanya ni ndefu na nyembamba. Azisugue kwa brashi, azidunge kwa bisibisi aone kama kuna iliyooza kichwa pale inapoingia ukutani, azipake mafuta. Na akililia jiwe lake, mwachieni kipande kimoja cha ukuta wa ndani, juu kusikofika unyevu, upana wa mlango, viungo vikazibwe kwa chokaa. Huo ni mwafaka ambao hata mama ataukubali akishapewa chai. Nje ya nyumba msiguse kitu kabla ya kwenda ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, eneo lile linalindwa.

*Bi Fundi, nimeolewa juzi, tumepanga vyumba viwili Kisauni. Mwenye nyumba hataki rangi ibadilishwe wala msumari upigwe. Kuta ni njano ya kung'aa, ile ya ndizi mbivu. Napenda nyumba yenye rangi za udongo na vitu vya asili. Nifanyeje na pesa si nyingi? — Bibi Harusi*

Hongera dadangu, na pole kwa hiyo njano.

Ukuta usioruhusiwa kuupaka, ufunike. Nenda Biashara Street uulize merikani, ile mbichi ambayo haijasafishwa rangi. Jina lenyewe lakuonyesha ilikotoka: karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, walikuwa wakiishusha Unguja kwa majora, ikasambaa pwani yote hadi bara. Basi ukitafuta kitu cha kiwandani chenye rangi ya asili, bibi zetu walikuwa nacho zamani. Ichemshe kwanza itoke dondo, ule wanga wa kiwandani, na isinyae kabla hujaishona, mara mbili ikibidi. Ikikauka ina rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai, na vijidoa vya pamba hapa na pale. Shona mapazia marefu, kuanzia dari hadi sakafu, upana wa ukuta mzima na si wa dirisha tu, uyatundike kwa fimbo ya kubana kati ya ukuta na ukuta. Hakuna msumari hapo. Angalizo: usichukue ile nyeupe pee. Mama mkwe akiingia atauliza nani amefariki.

Chini, mkeka wa miyaa usiotiwa rangi. Unapoununua usitazame urembo, tazama mishono. Mkeka mzuri ukili wake, ule mshipi uliosukwa, una upana mmoja mwanzo hadi mwisho, na ukipitisha kiganja kukata mishono husikii ngazi. Ukiupata huo, jua la dirishani likiupiga kwa pembeni utaona kila ukili unatupa kivuli chake kidogo, na hapo ndipo chumba kinapopata mwili. Masika ukifika unyanyue, uanike, mkeka unaolala juu ya sakafu baridi mwezi mzima wa Mei utaota kuvu. Zulia la mkonge lina tabia hiyohiyo na ni baya zaidi, maji yakimwagika yanaacha alama. Langu niliishia kulifanya kitanda cha kuku.

Kikapu kikubwa cha vyakula, kinu cha zamani kiwe meza ya pembeni, mtungi mmoja. Basi. Leso weka moja tu kwenye kochi, na hiyo iache ipige kelele itakavyo. Chumba chote kikinyamaza mgeni anadhani mmegombana.

*Bi Fundi salaam. Nilitengenezewa rafu ya paipu za chuma kama za kwenye picha. Naishi Likoni, bahari naisikia nikilala. Miezi mitatu tu, kutu imeanza, na imechafua ukuta mistari ya kahawia. Fundi amenidanganya? — Kijana wa Likoni*

Hakukudanganya, alikuuzia rafu ya Nairobi.

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikitua juu ya chuma inaita unyevu. Kwa hiyo chuma chako kimelowa hata siku ambayo wewe wajiona umekauka. Ivunje rafu, ipige brashi ya waya, kisha msasa, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, yasiyo ya chumvi, kuondoa chumvi, uikaushe juani na siku ileile uipake rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili, halafu nyeusi isiyong'aa juu. Usisahau ndani ya midomo ya paipu, kutu inapenda kuanzia kusikoonekana. Wako watakaokwambia nta ya nyuki inatosha. Inatosha kwa aliye Voi, mbali na bahari.

Ukifanya nyingine, chukua paipu za maji zilizovikwa zinki, zikatwe nyuzi za skrubu na kuungwa kwa viungo vya kufunga kwa spana. Usimruhusu mtu azichomelee na zinki yake, moshi ule unaleta homa. Au achana na chuma, utafute shaba kwa yale madogo: komeo, vitasa, kulabu. Shaba ikizeeka pwani inageuka hudhurungi ikapendeza zaidi. Chuma kinageuka shimo.

Na mnaponunua vyuma chakavu, ulizeni vimetoka wapi. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda baada ya miundombinu ya umma kuharibiwa. Kipande cha reli sebuleni kinapendeza mpaka siku mwenye reli atakapokuja kunywa chai.

*Paleti za bandarini zafaa kutengenezea kochi? — Msomaji, Changamwe*

Zafaa zikiwa na muhuri. Tafuta alama ya suke la ngano na herufi mbili za nchi ilikotoka. Ikiandikwa HT mbao imetibiwa kwa joto, ichukue. Ikiandikwa MB imepigwa gesi ya sumu ya wadudu, iache palepale. Isiyo na alama, na yenye doa la mafuta, hiyo ni kuni, na hata kuni siikubali jikoni kwangu.

Nakuambia hivi kwa uchungu. Miaka hiyo niliuziwa kipande cha nguzo ya stima, nikakifanya benchi la barazani, zito, limepasuka vizuri, kila apitaye analisifu. Siku ya Idi jua likawaka, ile dawa nyeusi ya ndani ikatoka jasho, na ami yangu akainuka na mstari wa lami nyuma ya kanzu mpya. Hakusema neno. Aliagana na kila mtu akitembea kinyumenyume.

*Nimepaka sebule kijivu kama kwenye jarida, sasa imekuwa kama seli. Kosa liko wapi? — Mama Watatu, Tudor*

Kosa si lako peke yako. Kijivu kile kilichaguliwa na mtu mwenye dirisha kubwa na jua la kulala. Jua letu la mchana linasimama utosini, ndani ya nyumba tunapata mwanga wa kudundwa, umepita kwenye ukuta wa jirani na bati lake. Kijivu chenye samawati ndani yake kikipata mwanga huo kinakuwa maiti.

Kabla hujanunua kopo jingine tazama balbu. Soma pakiti: ikiwa kipimo cha rangi ya mwanga ni 6500 hiyo ni taa ya duka la simu, weka ya 2700, yenye mwanga wa manjano. Ngoja usiku mmoja, huenda ugomvi ukaisha hapo. Usipoisha, mwambie muuza rangi akutilie manjano na nyekundu kidogo ndani ya kijivu chako hadi kielekee rangi ya jivu la vifuu. Jaribu kwanza kwenye kadibodi ya ukubwa wa sinia, usijaribu ukutani, uihamishe kona hadi kona, uitazame asubuhi, saa saba mchana, na baada ya magharibi taa zikiwashwa. Watoto nao waulize. Wangu waliniambia rangi niliyoichagua ni ya uji, nikaipaka hivyohivyo, na mpaka leo ndiyo jina la chumba.