Piriton ya kabatini haitamwokoa

SWALI: Daktari, mwanangu wa darasa la pili ana aleji ya karanga. Mara ya mwisho alivimba midomo, akatapika na kukohoa mfululizo. Shuleni wananywa uji wa lishe. Mwalimu wa afya ananiambia nisihofu, Piriton ipo kabatini na maziwa hayakosekani. Inatosha? – Mama, Morogoro

JIBU: Haitoshi, mama. Hiyo Piriton nimechoka kuisikia. Inatuliza mwasho na vipele, basi. Ukiimeza inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi, na koo linaloziba halingoji. Haipandishi presha iliyoporomoka. Dawa ya hali ile ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, upande wa nje: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, yaani mwenye kilo 20 anapata mililita 0.2 ya ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya miligramu 1 kwa mililita 1. Asipopata nafuu, inarudiwa baada ya dakika 5 hadi 15.

Zile kalamu za kujichoma adrenalini ni adimu kwetu, lakini ampuli ni rahisi. Nenda na mwalimu mkuu zahanati ya jirani mkaulize: ipo? Haijaisha muda? Nani wa kuchoma saa nne, uji unaponywewa? Daktari wa mtoto aandike kipimo, karatasi ibaki shuleni.

Unga wa lishe mara nyingi husagwa na karanga, na hata zisipowekwa, mashine ni ile ile. Mtoto aende na uji wake.

Maziwa nayo! Hii si sumu ya kuzimuliwa. Anayehema kwa shida ukimnywesha atapaliwa. Wala msingoje vipele, wapo wasiotoa hata kimoja. Alazwe, miguu juu; akishindwa kupumua akae, miguu kainyoosha. Asisimamishwe. Kumpakia mishkaki kwenye bodaboda, wima katikati ya watu wawili, ni kuishusha presha zaidi. Tafuteni gari. Hata akizinduka afike hospitali, dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Halafu kuna hawa wauza chupa za "kusafisha damu itoe aleji". Niliwahi kuletewa mtoto aliyemaliza dozi yao. Wazazi wakaamini kapona, wakampa kashata kumjaribu. Alifika kwangu midomo ya bluu.