Kiti cha treni umepata, baiskeli yako inapanda wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Barking, mashariki ya London, pasipoti yangu ni ya Tanzania. Naombea likizo ya wiki tatu mwezi wa sita, nataka kufuata mto Rhine kwa baiskeli toka Hoek van Holland, Uholanzi, mpaka Basel, Uswisi, nalala kwenye hema, na sitaki kupanda ndege hata mara moja. Kwenda napanda meli toka bandari ya Harwich, Uingereza, mpaka Hoek. Kurudi nitapanda treni Basel, tiketi nitakata siku hiyohiyo maana sijui nitafika lini. Kuna jamaa mtandaoni anasema usihangaike na nafasi ya baiskeli, unavua magurudumu, unaivisha mifuko ya takataka, unapita nayo kama begi. Hiyo inafanya kazi kweli? Yangu ni ya chuma, keria mbele na nyuma, breki za diski za mafuta.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Njia nzuri, meli sahihi, na baiskeli ya chuma yenye keria mbili ndo yenyewe kwa safari hiyo, kwa hiyo hayo nayaacha. Naenda moja kwa moja kwenye yale maneno yako ya "siku hiyohiyo", maana hapo ndo safari yako ina tundu na hujaliona bado.

Karakana yangu iko Köln, Ujerumani, ukitoka mlangoni unauona mto. Kila mwaka kuanzia Mei naletewa kesi ileile. Mtu kapanga kila kitu, hema lina gramu ngapi anajua, jiko la gesi analo, apu za ramani tatu kwenye simu, halafu kwenye karatasi ya safari kaandika neno moja tu, "treni". Kaona picha za Waholanzi na baiskeli zao, kaona reli kila kona, akajumlisha mwenyewe kwamba Ulaya baiskeli inapanda treni kama kapu la nyanya linavyopanda daladala. Hiyo imani ndo inanichosha kuliko zote. Treni ya ICE, ile ya mwendo kasi ya Ujerumani, ina mamia ya viti na nafasi 8 za baiskeli, nane kwa treni nzima, na hapo nasema hizi mpya, ICE 4 na ICE 3neo, maana za zamani ambazo bado zinatembea hazina hata moja. Umoja wa Ulaya ulipopitisha kanuni mpya ya haki za abiria wa reli mwaka 2021, kiwango cha chini walichoweka kwa treni mpya kilikuwa nafasi 4. Sheria yenyewe imeishia nne, sasa wewe ukitokea Basel Jumapili ya mwezi wa sita na baiskeli mkononi unauliza dirishani, utajibiwa zimejaa na watakuwa hawajakuonea.

Ninachotaka ukielewe ni hiki. Treni za mbali za Ujerumani binadamu anaweza kupanda bila kubuku kiti, akakosa pa kukaa akasimama kwenye korido mpaka mwisho. Baiskeli hairuhusiwi kusimama kwenye korido, ina tiketi yake na namba ya nafasi yake na bila hiyo haipandi. Kwa hiyo wewe sio abiria mgumu, abiria mgumu ni baiskeli. Unatafuta kwanza treni yenye nafasi ya baiskeli, unaishika, halafu tarehe za likizo, usiku wa kambi, hata tarehe ya meli, vyote unavipanga kuizunguka hiyo treni. Watu wengi wanaanza na vile vitu rahisi, hiki kigumu wanakiacha mwisho, kikiwakatalia plani nzima inalala chini.

Utaniambia kuna treni za mikoa. Zipo, na nazipenda, hazina kubuku, unanunua tiketi ya baiskeli kwenye mashine, imeandikwa Fahrradkarte, unapanda. Ila hapo ni anayewahi, na viti vya magurudumu na vigari vya watoto vina haki ya kwanza ya ile nafasi, ambayo ni haki kabisa, kikitokea unashuka na baiskeli yako unasubiri nyingine. Ile Deutschlandticket iliyoanza Mei 2023, tiketi ya mwezi ya treni za mikoa Ujerumani nzima, ambayo kila mtu anakwambia ununue, inakubeba wewe, baiskeli unailipia pembeni. Na toka Basel mpaka mpaka wa Uholanzi kwa treni za mikoa ni siku nzima ya kubadilisha treni, ngazi, lifti mbovu, na dakika sita kati ya treni na treni. Alafu Mei na Juni kuna sikukuu zao, Kupaa, Pentekoste, Ekaristi, siku hizo nusu ya Wajerumani wanatoka na baiskeli zao na mabehewa yanajaa mpaka mlangoni.

Sasa kesi yako. Ningekuwa mimi ningeigeuza safari. Treni iwe mwanzo, baiskeli iwe mwendo wa kurudi nyumbani. Mwanzoni unajua unaondoka lini, kwa hiyo unaweza kubuku nafasi ya baiskeli ya tarehe moja na ukaitumia kweli. Mwishoni ndo hujui, kuna mvua, kuna pancha, kuna siku goti linauma, na mwishoni unataka chombo kinachovumilia. Meli inavumilia. Ile inabeba malori, baiskeli unaisukuma mwenyewe mpaka sitaha ya magari, unaifunga kwa kamba ukutani unapanda juu kulala, ukichelewa siku moja unabadilisha tiketi unapanda ya kesho. Ila baiskeli uiandike kwenye tiketi ya meli, usijisahau, na safari ya usiku lazima ulipie kebini.

Yaani iwe hivi. Unashuka Hoek van Holland asubuhi, usikimbilie treni, maana Uholanzi siku za kazi baiskeli hazipandi treni saa 12 na nusu mpaka saa 3 asubuhi, wala saa 10 mpaka saa 12 na nusu jioni, na msamaha wa hiyo ni Julai na Agosti tu, wewe unakwenda Juni. Endesha kando ya maji, unapita Maassluis, Vlaardingen, Schiedam, kilomita kama 30 uko Rotterdam na saa tatu imeshapita. Hapo treni mpaka Arnhem, Arnhem kuna treni ya mkoa inayovuka mpaka kwenda Düsseldorf, Köln unalala. Kesho yake unapanda ICE uliyobuku nafasi ya baiskeli, unashuka Basel Badischer Bahnhof, kituo cha Wajerumani ndani ya ardhi ya Uswisi, na mto uko karibu.

Toka hapo mto wenyewe unakuhesabia. Rhine ina vibao vya kilomita ukingoni, sifuri iko Konstanz, Basel ni kama 170, Mainz 498, Koblenz 592, Köln 688, Düsseldorf 744, Emmerich kabla ya Uholanzi 852, na baharini inakwisha baada ya 1,030. Kwa maji ni kilomita kama 860, kwa baiskeli weka 950 maana njia inazunguka bandari na viwanda. Ukitoa siku za treni na meli unabaki na siku 16 za kuendesha, ni kilomita 60 kwa siku, na hiyo ndo hesabu ya mtu mwenye mzigo anayetaka kufika na magoti yake. Wanaokwambia 150 kwa siku hawajabeba hema. Na usinunue stori ya kwamba kuteremka na mto ni mteremko, Basel iko mita 250 hivi juu ya bahari, gawa kwa kilomita zote hizo hupati kitu. Kinachohesabika ni upepo, na hapo sitakuficha, siku za mwisho Uholanzi upepo wa magharibi utakuwa usoni, kwa hiyo siku zako za akiba ziweke huko mwisho, usizimalize Strasbourg.

Haya, mifuko ya takataka. Nimesoma hilo swali lako nikashusha pumzi, maana wiki hiyohiyo nilikuwa na baiskeli ya namna hiyo juu ya meza. Huyo jamaa wa mtandaoni kafanya mara moja, na baiskeli nyepesi isiyo na keria, kwenye treni tupu, akapiga video. Wewe una keria mbili, boliti nane, madigadi, na mabegi manne. Ukishaifunga unakuwa mtu mmoja mwenye mizigo mitano, kila kubadilisha treni unaacha mitatu chini uwahi miwili juu. Na kondakta akikuta limeziba njia anakushusha kituo kinachofuata, na mfuko mweusi haumbadilishi mawazo, anaona ncha ya pedeli inatoka.

Lakini hata angekuruhusu, nazungumza kama fundi sasa. Gurudumu likitoka, breki ya mafuta inabaki wazi, na mkono wa breki ukibanwa mara moja tu ndani ya mfuko, na utabanwa maana kuna sanduku la mtu limeegemea hapo, pistoni zinatoka, pedi zinafungana, ukifika diski haiingii. Ndo watu wanachukua bisibisi wanachokoa, wanapasua pedi. Ile diski ni bati jembamba, unene haufiki milimita 2, ikikanyagwa inapinda na itakuimbia mpaka baharini. Dereila, kile kifaa cha kubadilisha gia, inaning'inia nje upande wa cheni, ndo inayopokea kila pigo. Yako ya chuma bahati yako, kile kikono kinachoibeba mara nyingi ni fremu yenyewe, fundi anaweza kukinyoosha, lakini za alumini ni kipande cha kubadilisha na kina mamia ya maumbo, naweza kuwa na droo nzima nisiwe na chako. Na makalio ya fremu, yale yanayoshika gurudumu la nyuma, bila gurudumu yanabanwa yanakaribiana, ekseli hairudi.

Kama kuna siku italazimu kuifungua, ifungue kifundi. Weka kipande cha plastiki katikati ya pedi, na kizuizi cha plastiki mahali pa ekseli mbele na nyuma, duka lolote la baiskeli wanavitupa kila wakifungua maboksi ya baiskeli mpya, omba utapewa bure. Fungua dereila uifunge ndani ya fremu kwa kitambaa. Diski zing'oe uzilaze katikati ya kadibodi. Ni kazi ya saa nzima na mikono inachafuka. Hiyo saa kwenye video hawakuionyesha.

Na hawa wa mkato hawaishii kwenye treni. Kwenye viza ndo wamejaa zaidi, vishoka kabisa. Kukaa kwako Uingereza hakukupi ruhusa ya kuingia Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, pasipoti ya Tanzania inahitaji viza, na kwa safari yako unaomba Ujerumani maana usiku mwingi utalala huko, hata kama unaingilia Uholanzi. Dirisha la maombi linafunguka miezi 6 kabla ya safari na siku 15 kabla linafungwa, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Sasa kishoka atakwambia ubalozi unataka tiketi ya ndege, anakuuzia karatasi ya ndege isiyokuwepo. Mteja wangu mmoja alinunua hiyo karatasi, barua yake inasema nakuja kwa meli na baiskeli, karatasi inasema natua Frankfurt, akanyimwa, na kunyimwa huko kutamfuata kwenye kila ombi lake jingine. Ubalozi unataka kuona unaingiaje na unatokaje. Tiketi ya meli ya kwenda na kurudi inatosha kusema hivyo, kata inayobadilishika, weka na buking ya ile nafasi ya baiskeli ya ICE, na ukurasa mmoja wenye tarehe, mji na kambi ya kila usiku. Msafiri wa baiskeli mwenye karatasi zinazokubaliana anaeleweka. Na kambi ziwe za kweli, Ujerumani kupiga hema porini kwa jumla hairuhusiwi, huyo anayekwambia lala popote kando ya mto hatakuja kukulipia faini.

Naona vijana wetu wengi siku hizi wako Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, wanataka kutoka kwa baiskeli, na mimi nafurahi sana, nataka wawe wengi zaidi. Ndo maana inaniuma nikiona mtu kaweka akiba mwaka mzima halafu anasikiliza dakika nne za video, siku ya tatu anasimama karakana kwangu ananiuliza kama naweza kumnyooshea fremu kabla ya saa nane. Saa nyingine naweza. Saa nyingine namwandikia kituo cha treni cha kumrudisha kwao.

Kwa hiyo usiombe likizo bado. Angalia kwanza siku gani za mwezi wa sita kuna ICE ya Köln kwenda Basel yenye alama ya baiskeli na nafasi haijajaa, iwe katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, mbali na hizo sikukuu nilizokutajia. Ukiishika hiyo, ndo umwandikie bosi tarehe. Na ukiwa unateremka, ukiona kibao cha 688, simama karakana nikuangalie spoku za gurudumu la nyuma, zitakuwa zimebeba mzigo kilomita zaidi ya 500 na hapo ndo zinaanza kulegea.