Dakika za mwisho za panya wa maabara: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa mafundi wa maabara na wanafunzi wa utafiti, na yote yanahusu kuua kwa huruma panya wa majaribio.

Neno "huruma" linawezaje kukaa pamoja na neno "kuua"?

Maneno hayo yanagombana, na sioni haja ya kuyapatanisha kwa lugha tamu. Katika utafiti, hata hivyo, kuua kwa huruma kuna maana mahususi: mnyama apoteze fahamu upesi, bila maumivu na kwa hofu ndogo kadiri inavyowezekana, kisha afe kabla fahamu haijamrudia. Kinachotushughulisha zaidi, basi, ni yale anayoyapitia mnyama kabla ya kuzimia, wala si idadi ya dakika zinazopita hadi moyo usimame. Ukilishika hilo, majibu mengi yanayofuata utayatabiri mwenyewe.

Kwetu tunajaza kasha gesi ya kaboni dioksaidi kwanza, ndipo tunawatia panya, ili mambo yaishe haraka. Tunakosea?

Mnakosea, ingawa nia yenu inaeleweka. Gesi hii ikikutana na unyevu wa pua na macho hugeuka kuwa asidi, na ikiwa nyingi huwasha na kuuma. Panya aliyetumbukizwa katika kasha lililojaa hupambana na maumivu hayo angali na fahamu zake zote. Ndiyo maana miongozo ya chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inataka gesi iingie polepole wakati panya wamo ndani, ili wazimie kabla haijafikia kiwango cha kuuma. Toleo la mwaka 2020 la miongozo hiyo ya Marekani linataja kasi ya asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa kasha kwa kila dakika. Kwa kasha la lita 20, hiyo ni lita 6 hadi 14 kwa dakika, na kasi hiyo haikadiriwi kwa kusikiliza mlio wa mtungi, bali husomwa kwenye kipima mtiririko. Barafu kavu haifai kabisa, kwa kuwa kasi yake haidhibitiki na inaweza kumuunguza mnyama kwa baridi.

Nisiwafiche kwamba hata njia hii ya polepole ina wapinzani. Panya wakubwa (wale waitwao "rat" kwa Kiingereza) wanaopewa nafasi ya kutoka huikimbia gesi hii ikiwa bado kidogo, kabla haijaanza kuuma, jambo linaloonyesha kwamba inawatisha. Baadhi ya maabara huwalaza kwanza kwa nusukaputi ya isoflureni, kisha hufungua kaboni dioksaidi. Nayo haina usafi kamili, kwa sababu panya aliyewahi kuivuta mara moja huikwepa zaidi mara ya pili. Lakini kati ya hayo mawili, mimi ningeanza na isoflureni.

Panya waliozaliwa jana nao huwekwa humo humo?

Hapana. Kichanga wa panya ametoka tumboni, mahali penye oksijeni kidogo, na mwili wake bado umezoea uhaba huo, kwa hiyo anaweza kukaa ndani ya gesi kwa muda ambao mama yake hauwezi hata kidogo. Kichanga wa panya mdogo ("mouse" kwa Kiingereza) wa siku ya kwanza anaweza kuchukua hadi dakika 50 kufa. Fundi asiyelijua hili humwona kichanga ametulia, rangi imebadilika, akamhesabu kuwa amekufa. Sheria ya Ulaya imekataza kaboni dioksaidi kwa vichanga wa jamii ya panya, na kwingineko inakoruhusiwa, muda uwe mrefu na njia ya pili ifuate bila kukosa.

Nitajuaje kwamba amekufa kweli?

Kutopumua peke yake hakutoshi. Mweke kifuani vidole viwili uhisi moyo, gusa mboni ya jicho uone kama kope linacheza, kisha umalize kwa njia ya pili isiyo na marejeo, kama kutegua shingo au kufungua kifua. Panya aliyezimia tu, akitolewa kwenye gesi na kupata hewa safi, anaweza kuzinduka ndani ya mfuko wa taka, na sijui kosa jingine katika kazi hii linaloepukika kwa urahisi kama hilo.

Jaribio langu linahitaji ubongo usio na dawa yoyote. Naruhusiwa kutegua shingo ya panya aliye macho?

Kwa idhini ya kamati ya maadili, naam, kwa panya wadogo. Kwa wakubwa, miongozo ya Marekani inaishia kwenye gramu 200, na Ulaya inataka mnyama anayezidi gramu 150 atulizwe kwanza. Mkono ujifunze kwa panya waliokwisha kufa au walio chini ya nusukaputi, wala si kwa walio hai na macho yao yako wazi.

Je, niwahamishe kwenye kasha jingine?

Ikiwezekana, gesi iletwe kwenye kizimba chao wenyewe, wakiwa na wenzao waliowazoea. Msichanganye makundi, msiwasongamanishe, na kasha lisafishwe kabla ya kundi linalofuata.

Panya wetu mmoja amedhoofika siku nne kabla ya mwisho wa jaribio, na msimamizi anasema tusubiri.

Msimamizi hana haki ya kuamua hilo peke yake. Kikomo cha mateso huandikwa kwenye mpango wa utafiti kabla ya mnyama wa kwanza kuguswa, mara nyingi kikiwa ni kupungua uzito kwa asilimia 20, pamoja na dalili kama mgongo uliokunjamana, manyoya yaliyosimama, macho yaliyofinywa na kutojisogeza hata akiguswa. Damu ya mnyama aliye mahututi, isitoshe, hukueleza zaidi habari za njaa na upungufu wa maji kuliko za dawa unayoijaribu. Mwiteni daktari wa wanyama, mpimeni panya uzito asubuhi hii, na akiwa amevuka kiwango kilichoandikwa, jaribio lake limekwisha leo.