Jibu: Binti wa miaka 9 amerudishwa nyumbani, "hafundishiki" (Newala)

Habari dada, pole. Nimekuelewa hivi: mwalimu kamrudisha binti, bibi yake kachoka kumwangalia, na msimu wa korosho ndio huu, ukienda shambani huwezi kumwacha peke yake.

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili, tunaishi Mtwara mjini. Kabla ya yote, mpeleke akapimwe masikio na macho, na umweleze daktari kama huwa anaduwaa ghafla au kuanguka. Sisi tulihangaika miaka miwili na waganga, kumbe kilichokuwa kinamrudisha nyuma zaidi ni kifafa. Alipoanza dawa akatulia, akaanza kushika maneno. Wakikupa rufaa ya kuja Ligula, hospitali ya mkoa hapa Mtwara mjini, njoo na kadi yake ya kliniki ya utotoni, wataulizia alivyozaliwa.

Halafu nenda halmashauri na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Muone afisa ustawi wa jamii, kisha afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Usiulize "kuna msaada gani?", utaambiwa usubiri. Uliza shule ipi ya msingi ina kitengo cha ulemavu wa akili, na nani atampima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma, itaje bila ugomvi.

Kuhusu bibi: sisi tulipeana zamu na mama wawili wenye watoto kama wetu. Mmoja anabaki, wengine wanaokota korosho. Jioni aliyebaki anapewa fungu lake.