Mume Wangu Alibaki Nyumbani Miezi Minane kwa Sababu ya Karatasi Moja

Kwetu Taita, mahari ikishatolewa na wazee wakishakula, wewe ni mke wa mtu. Hakuna anayekudai cheti. Mimi na mume wangu tuliishi hivyo tangu Desemba 2020, ukoo mzima ukitujua, na chifu mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokula pilau siku ile. Kwa hiyo Mei 2023, niliposimama mbele ya dirisha la ubalozi wa Marekani pale Gigiri, Nairobi, kuomba viza za kuhamia kule mimi na mume wangu, na afisa akataka cheti cha ndoa, nilitoa kwa fahari barua ya chifu pamoja na hati ya kiapo yenye muhuri wa wakili. Akazisoma, akazirudisha. Mimi viza yangu ikapita. Mume wangu akapewa karatasi inayosema faili yake itasubiri cheti.

Afisa hakuwa na kosa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila sawa na za kanisani, za serikali, za Kiislamu na za Kihindu, lakini zote zinatakiwa kusajiliwa. Kwa ndoa ya kimila, ninyi wawili mnafika wenyewe mbele ya msajili, na mnatakiwa kuomba cheti ndani ya miezi sita tangu taratibu za mila kukamilika. Sisi tulikuwa tumemaliza miaka miwili na nusu bila hata kujua ofisi hiyo iko wapi.

Niwaeleze kwa nini cheti hicho ni kizito hivyo. Mimi ni muuguzi, na wauguzi tunapata grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, kupitia kundi la viza za kazi liitwalo EB-3. Tuna nafuu moja: mwajiri halazimiki kutangaza kazi na kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani wa kuifanya, kwa sababu Wizara ya Kazi ya kule imeshakubali kuwa wauguzi ni haba. Anapeleka ombi lake, fomu I-140, moja kwa moja kwa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, na siku linapopokelewa ndiyo tarehe yako kwenye foleni. Yangu ilikuwa ya Machi 2022.

Tarehe hiyo ni ya mwenzi wako pia. Hahitaji mwajiri, hahitaji kufanya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya uuguzi, hahitaji cheti cha VisaScreen cha kuhakiki sifa za wahudumu wa afya kutoka nje, wala hafunguliwi ombi lake peke yake. Anaingia kwa mgongo wako, mradi ndoa ilikuwepo kabla wewe hujaingia Marekani kama mkaazi wa kudumu. Ukifunga ndoa wiki mbili baada ya kutua, mambo yamegeuka: unamfungulia ombi jipya, I-130, naye anapangwa kwenye foleni nyingine kabisa ya wake na waume wa wakaazi, F2A. Mwenzangu mmoja wa wodini alitaka kwanza apate dola za harusi, ndipo arudi nyumbani afunge ndoa ya kueleweka. Namwelewa. Lakini wangekwenda kwa msajili wakiwa na mashahidi tu, harusi ya mahema na keki ingewasubiri bila shida. Sasa mkewe ndiye anayesubiri.

Na kuna wanaoshauriwa na mawakala waandike kwenye fomu kwamba hawajaoa au hawajaolewa, eti faili iende haraka, mwenzi ataingizwa baadaye. Usithubutu. Fomu ya kuomba viza ya kuhamia, DS-260, inauliza mwenzi wako hata kama hasafiri nawe, na uongo ule utakufuata hadi siku ya kuomba uraia.

Tulifika kwa msajili Juni 2023, siku chache kabla ya ndege yangu. Hilo ndilo jambo pekee tulilofanya sawasawa, maana ningekuwa nimeshaondoka, tungefikaje wawili? Cheti kilitoka Julai, nikiwa Texas. Nilipiga magoti jikoni nikashukuru. Kumbe foleni ilikuwa imeshafungwa.

Hapa ndipo watu wengi huumia. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa buletini ya viza, na ndani yake kuna tarehe ya mwisho inayohudumiwa kwa kila kundi. Nilipofanya mahojiano, EB-3 kwa nchi kama yetu ilikuwa imefika 1 Juni 2022, kwa hiyo Machi yangu ilikuwa ndani. Julai ikarudishwa hadi 1 Februari 2022. Agosti ikarudi nyuma hadi 1 Mei 2020. Viza za kazi ni takriban 140,000 kwa mwaka, waume, wake na watoto wakihesabiwa humo humo, na mwaka wao wa fedha unaisha Septemba. Zikikaribia kwisha, tarehe inarudishwa nyuma. Kwamba mimi nilishaingia hakukumsaidia mume wangu chochote. Naye alihitaji tarehe ile iwe wazi siku yake ya kupewa viza.

Januari 2024 buletini ikasogea hadi 1 Agosti 2022, tukapumua. Lakini vipimo vyake vya afya, alivyofanyiwa Nairobi kwa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, mwezi wa nne 2023, vilikuwa vimepita miezi sita, akarudia na kulipa upya. Msicheze na vipimo hivi. Picha ya kifua ikionyesha doa, unatoa makohozi asubuhi tatu, kisha unasubiri majibu ya kuotesha vijidudu kwa wiki nane. Katika wiki nane foleni inaweza kufunguka na kufungwa.

Kipindi kile cha kungoja nilitaka aombe viza ya matembezi aje tu tukae wiki tatu. Dada mmoja wa kanisani alinizuia, na leo namshukuru: anayeomba viza ya kutembea lazima amshawishi afisa kwamba atarudi nyumbani, na mtu mwenye faili ya kuhamia ana kazi ngumu kusema hivyo. Dola 185 za ada hazirudishwi.

Nilitunza kila kitu. Risiti za pesa nilizotuma, picha, na tiketi ya safari yangu ya Krismasi kwenda kumwona. Katika mahojiano ya pili aliulizwa mkewe anafanya kazi zamu gani, akataja hata siku zangu za mapumziko. Hatukudaiwa fomu ya udhamini ya I-864, ile inayowatesa wanaoletwa na jamaa. Barua ya mwajiri wangu ilitosha. Mwajiri akiwa ni kampuni ya ndugu yako, hapo ni habari nyingine.

Lililomuuma zaidi halikuwa kwenye fomu. Kiswahili chetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, basi vijana wa kijiweni wakawa wanamwuliza, "Vipi, umeshaolewa Texas?" Alicheka mbele yao, akaninunia kwenye simu. Mwenye kuletwa na mke aongee na mkewe mapema kuhusu hili, na kuhusu pesa pia: ada ya viza ilikuwa dola 345, vipimo mara mbili, dola 220 za USCIS kabla ya kusafiri (tangu Aprili 2024 ni 235), tiketi, halafu miezi ya kwanza bila kazi.

Waliobadilisha hadhi kuwa wakaazi wa kudumu wakiwa humo humo Marekani, kwa mfano kutoka H-1B, viza ya kazi ya muda, njia yao ya kumleta mwenzi ina hatua ya ziada: fomu I-824, ya kuujulisha ubalozi kwamba umeidhinishwa. Unaweza kuituma pamoja na I-485, fomu ya kubadilisha hadhi. Usingoje kadi ifike. Na tangu Juni 2025 kuna mataifa yaliyowekewa vizuizi vya kuingia, Burundi ikiwemo, kwa hiyo aliyeoana na mtu wa nchi nyingine aangalie kwanza pasipoti ya mwenziwe.

Mume wangu alitua Dallas mwishoni mwa Februari 2024, kakoti kepesi, cheti cha ndoa kwenye mfuko wa ndani. Ile viza ikigongwa muhuri uwanjani inatosha kama grinikadi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo alianza kutafuta kazi bila kungoja. Kadi yenyewe ilikuja kwa posta, ya miaka 10, si ile ya miaka miwili ya masharti wanayopewa walioletwa na mume au mke raia ndoa ikiwa changa.