Nazia Hassan alikuwa Mpakistani

Si Mhindi, kama wengi wanavyodhani. Aliyeimba "Aap Jaisa Koi" kwenye filamu ya Qurbani (1980) ni Nazia Hassan, mzaliwa wa Karachi, 1965. Filamu ndiyo ya Kihindi, na hapo ndipo watu wengi huchanganya. Wimbo wenyewe ulirekodiwa London chini ya mtayarishaji wa muziki Biddu, yule yule aliyetengeneza wimbo "Kung Fu Fighting", ndiyo maana mdundo wake haufanani na nyimbo nyingine za filamu za wakati ule. Mwaka 1981 wimbo huo ukampa tuzo ya Filmfare (tuzo ya filamu ya India) ya mwimbaji bora wa kike, Mpakistani wa kwanza kuipata, akiwa bado binti wa miaka 15 tu!

"Disco Deewane", ambayo pia huhusishwa naye, ni kitu kingine: hiyo ni albamu ya 1981, aliyoimba na mdogo wake wa kiume, Zoheb.

Mbali na muziki, alikuwa pia mwanaharakati. Alisomea sheria London, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, na alipigana na dawa za kulevya miongoni mwa vijana Pakistani. Alifariki London Agosti 2000 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 35.